Mstari Ulionyooka Mno

3 Februari

Kaka,

Shikamoo. Mimi sijambo, mjukuu hajambo, nyumba ya baba bado imesimama. Habari njema zimeishia hapo.

Leo asubuhi nimevuta ndoo kisimani na kuimwaga yote. Juu ya maji palikuwa na utando kama wa uji uliolala, na ndani ya utando kulikuwa na nywele. Nywele za mnyama, Kaka, fupi, nyeupe, zimejikunja. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne, nimefuta kamasi na matapishi ya watoto wa watu, lakini kinyaa cha namna ile sijawahi kukiona. Mpaka sasa nikimeza mate nazihisi kooni.

Ni kile kiwanda cha ngozi. Ulipoondoka kilikuwa kibanda cha watu wanne wakianika ngozi juani. Siku hizi kina ukuta, geti na meneja. Maji yao machafu yanapita kwenye mtaro nyuma ya ua wetu, hatua kumi na mbili kutoka kisimani, nimezihesabu. Wanasema yanakwenda moja kwa moja mtoni na hayagusi kisima cha mtu. Sasa wameomba ruhusa ya kuchimba bwawa la maji hayo hayo nyuma ya ua wetu kabisa. Baraza la mji litakaa tarehe mbili Agosti kuamua.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa baraza.

"Ushahidi uko wapi, Mwalimu?"

"Njoo unuse."

"Nikishanusa nitaandika nini kwenye kumbukumbu? Kwamba pua ya Mwalimu imekasirika?"

Wakacheka, yeye na karani wake. Nimeanza daftari hata hivyo. Kila siku naipa harufu alama, kati ya sifuri na kumi. Leo nimeipa nane.

Wewe umepima mashine maisha yako yote. Nina kompyuta niliyopewa na shule nilipostaafu, mjukuu huchorea nyumba na paka. Je, inaweza kupima maji? Nataka kitu ambacho mwenyekiti hatakicheka. Tena nataka kujua kama nimpe mtoto maji yale au nisimpe. Kwa sasa nimefunika kisima, tunachota bomba la mjini, nusu saa kwenda na zaidi ya hapo kurudi, na magoti yangu hayataki tena.

Dada yako,
Mwalimu


24 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako nikiwa mezani, na chakula kikanishinda. Kisima kile nilishuka ndani yake kwa kamba baba alipokuwa akipanga mawe. Ni miaka arobaini na moja tangu niondoke na bado naweza kukuambia jiwe lipi lina ufa.

Kompyuta yako inatosha. Usinunue kifaa cha maabara. Nenda duka la vifaa vya kompyuta, uombe kadi ya sauti ya bei ndogo kuliko zote, ile ya kuchomeka pembeni, yenye tundu la spika na tundu la maikrofoni. Watu huiona ni ya kusikilizia muziki. Lakini tundu moja linatoa umeme unaotikisika, na jingine linaupima ukirudi, mara maelfu kwa sekunde. Nilipoanza kazi, mita ya kufanya hivyo ilijaza kabati zima na ilikuwa na mlinzi wake.

Kazi ni hii. Kompyuta itoe mlio mmoja usiobadilika. Mlio usiende kwenye spika. Upite kwenye waya, ushuke kisimani kwa fimbo ya chuma cha pua, uvuke maji, upande kwa fimbo ya pili, urudi kwenye tundu la maikrofoni. Maji matamu hupitisha kidogo. Maji yenye chumvi hupitisha sana. Na kiwanda cha ngozi, hata kikificha mengine yote, chumvi hakiwezi kuificha, maana ngozi mbichi hufika pale imepakwa chumvi magunia kwa magunia. Ikiingia kisimani, mstari utapanda. Usitumie betri badala ya mlio, itakula chuma na kukutengenezea mapovu. Programu ya kuandika namba kila dakika na kuchora mstari iko kwenye diski niliyoambatisha.

Jambo moja ulishike kuliko yote. Kwenye dirisha la sauti, chini ya maikrofoni, kuna kisanduku kidogo chenye alama ya vema. Kinaiambia kadi ijiongezee sauti ikisikia kidogo na ijipunguzie ikisikia sana, ili anayenong'ona na anayefoka wasikike sawa. Kwa mazungumzo ni kitu kizuri. Kwa kipimo ni uongo mtupu. Ondoa alama hiyo kabla ya lolote.

Mwite Kitinda atie lehemu. Kitindamimba wetu ana mkono mzuri, nilimfundisha mwenyewe kwa barua. Najua ni fundi umeme wa kiwanda hicho hicho, lakini kisima ni cha baba yake pia.

Na hilo daftari la harufu liache. Pua si kifaa. Leo ina mafua, kesho ina hasira. Ukiwapelekea namba, wapelekee namba.

Kaka yako,
Fundi


2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mtambo unafanya kazi. Kitinda alikuja Jumapili moja mwanzoni mwa Machi akalala kifudifudi chini ya meza saa nzima.

"Kaka amekufanya mhandisi uzeeni," aliniambia.

"Tia lehemu, acha domo."

"Bosi wangu akinikuta hapa nitasema nilikuja kutengeneza redio."

"Bosi wako anakunywa maji ya wapi?"

"Ya chupa, dada. Hata mswaki anapigia maji ya chupa."

Nilimsomea maelekezo yako ya mtambo neno kwa neno. Kile kisanduku nilikiondolea alama mimi mwenyewe, kwa kidole changu. Siku tatu za kwanza mstari ulipanda na kushuka kidogo, nikaanza kusisimka. Kitinda akasema ni waya zimelegea. Alirudi mara mbili kuzikaza, na tangu hapo mstari umetulia. Nimekuchapishia wiki tatu. Umenyooka kama uliopigwa kwa rula.

Mwanzoni sikuamini. Jumatano moja pua yangu ilitaka kutoa tisa, mtaro ulikuwa na povu la rangi ya kutu, na mstari ukasema maji ya kisima ni yale yale ya jana. Kisha mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, mtaro ukafurika mpaka kwenye mizizi ya ua. Mstari haukutingishika. Basi nikajiambia, wewe mwanamke, ulifundisha watoto kuheshimu jibu hata wasipolipenda. Tena tangu nifunike kisima ndoo haijaleta nywele. Daftari nimelitupa. Kifuniko cha kisima nimekiondoa. Mjukuu anakunywa.

Mwenyekiti nimempelekea nakala. Ningeuficha mstari ningekuwa na tofauti gani na wao? Ameibandika ukutani nyuma ya kiti chake. Aliniita mwanasayansi wa mtaa. Nimerudi nyumbani nikaoga kama mtu aliyetemewa mate.

Dada yako,
Mwalimu


25 Aprili

Mdogo wangu,

Funika kisima sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Mtoto asiguse maji yale, hata kunawa.

Nimetandaza michoro yako mezani, nimeiangalia, nikaenda kunawa mikono. Sikushika uchafu wowote, ni karatasi tu, lakini nilinawa kwa sabuni mara mbili. Mstari huu umenyooka mno. Hakuna kisima duniani kinachokaa hivyo. Mvua ya siku tatu lazima iyazimue maji, na mstari ushuke. Wako haukushuka. Kipimo kisichoona mvua hakioni chochote.

Fanya hivi. Toa fimbo kisimani, uziweke kwenye ndoo ya maji ya bomba. Mstari ukitulia, tia konzi ya chumvi, ukoroge. Niandikie mstari ulifanya nini, dakika kwa dakika. Halafu fungua dirisha la sauti, utazame kile kisanduku.

Nilikosea kukwambia uache daftari. Pua yako ilikuwa ndicho kifaa pekee kizima katika nyumba ile.

Mstari wa namna hii nimewahi kuuona. Nitakueleza siku nyingine.

Kaka yako,
Fundi


18 Mei

Kaka,

Barua yako imechelewa njiani. Ilifika tayari mjukuu ana siku ya tano hospitali.

Alianza kwa kutapika. Kisha ngozi ya katikati ya vidole ikalainika na kuchubuka, nyeupe kama ya mtu aliyefua kutwa nzima. Daktari aliuliza anakunywa maji gani. Nilimwambia yamepimwa. Nilisema hivyo kwa sauti ya darasani, Kaka, mbele ya wauguzi. Ameruhusiwa jana. Anakula, lakini kikombe akikiona anageuza uso.

Nimefanya ulichosema. Nilipotia chumvi mstari uliruka juu, kisha ukaanza kushuka polepole, ukarudi kukaa pale pale ulipotoka. Nikatia konzi nyingine: ukaruka, ukarudi. Nikafungua dirisha. Kisanduku kina alama ya vema.

Nimeiondoa. Safari hii chumvi ilipoingia mstari ulipanda ukabaki juu. Nimerudisha fimbo kisimani, na sasa kila Jumatano na kila Jumamosi, saa chache baada ya povu kupita mtaroni, mstari unapanda kama mtu anayekwea ngazi. Kila mara unashuka kidogo kuliko ulivyopanda.

Nimempelekea mwenyekiti mchoro mpya.

"Mwalimu, sasa una michoro miwili," akasema. "Wa kwanza ulituletea mwenyewe, tena ukasema ni wa kweli. Ukikasirika tena utatuletea wa tatu?"

Asipopata mtu wa kumweleza kwa nini wa kwanza ni wa uongo, bwawa litachimbwa.

Nilimuuliza Kitinda. "Kompyuta hizi hujirudishia mambo zenyewe, dada," akanijibu kabla sijamaliza swali. Nimesahihisha mitihani miaka thelathini na minne na najua anayejibu mapema ni nani. Lakini ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni. Kwa hiyo nakuuliza wewe: mashine inaweza kurudisha alama ile yenyewe? Niambie kweli.

Mwalimu


21 Juni

Kaka mkubwa,

Barua yako nimeipata. Haikuwa na salamu, nami nakujibu vivyo hivyo.

Umeuliza jambo moja. Ndiyo, niliirudisha alama. Ni ile siku niliyokuja mara ya pili kukaza waya, dada akiwa jikoni. Ilichukua muda wa kupiga chafya.

Meneja hakunituma. Aliniuliza tu, "Nasikia dada yako ana mtambo. Unasema nini?" Nikamwambia hausemi kitu. Wiki iliyofuata nikapewa funguo za chumba cha mitambo na mafundi sita chini yangu. Watu mia mbili wanaishi kwa kiwanda hiki, kaka. Nilijua dada hatakunywa maji yale hata mstari useme nini, kwa sababu ana pua. Sikujua kuwa wewe ulimwambia aiache. Kuhusu mtoto sina la kuandika, nimejaribu mara tatu.

Lakini usinitemee mate kutoka huko ulipo. Nilijifunza wapi? Nilipopata kazi yangu ya kwanza uliniandikia kurasa nne kuhusu kile kiwanda cha rangi cha huko kwenu. Kalamu ya mtambo wa kupimia uchafu ilikuwa ikipanda kila walipofungulia maji yao machafu, nawe ukafunga rezista moja ndogo ya kubana umeme nyuma yake, isiyoonekana, kalamu isipande tena. Uliandika: "Tangu siku hiyo kalamu ina adabu." Nilicheka mpaka machozi. Niliwasomea wenzangu kazini, nikawaambia kaka yangu ni fundi kweli kweli.

Barua hiyo ninayo. Dada nimwoneshe?

Kitinda


10 Julai

Mdogo wangu,

Mashine haiwezi kurudisha alama ile yenyewe. Ni Kitinda. Amekiri kwa maandishi, na barua yake nimeiweka humu uisome kabla ya kuendelea na yangu.

Sasa umeisoma. Yote aliyosema ni kweli. Miaka kumi na moja nilipita kwenye kiwanda cha rangi kila mwezi, nikafungua kifuniko cha mtambo, nikahakikisha rezista yangu iko mahali pake, nikaweka sahihi chini ya mstari ulionyooka. Kibali changu cha kuishi hapa kilikuwa mkononi mwa kampuni ile. Nakitaja ili uwe na kila kitu mbele yako. Wenzangu wengine walikuwa na vibali kama changu na walikataa. Walirudishwa kwao, na mmoja alinipa mkono akiondoka. Baada ya hapo nilikaa nikamwandikia mdogo wetu kisa kile kama mzaha.

Ulipoleta mchoro wako sikuhitaji hesabu. Niliujua kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Ndiyo maana nilinawa.

Nakuandikia haya kwa sababu Kitinda ametishia kukuonesha. Asingetishia, sijui kama ningeandika. Nilikuahidi siku nyingine, na siku hiyo nilikuwa naisogeza mbele.

Nimeambatisha kurasa mbili zenye sahihi yangu na muhuri wa wakili. Ukurasa wa kwanza unaeleza jinsi kisanduku kile kinavyounyoosha mstari, na jinsi mtu yeyote anavyoweza kuthibitisha kwa ndoo na konzi ya chumvi mbele ya baraza. Ukurasa wa pili unaeleza nimejuaje: jina la kampuni, miaka, na nilichofanya. Huku bado kuna sheria juu ya mambo hayo, hata kwa mzee. Kama ukurasa wa kwanza utatosha, wa pili uuchome.

Fundi


5 Agosti

Kaka,

Ukurasa wa pili sikuuchoma.

Baraza lilijaa. Kiwanda kilileta mhandisi wake, na Kitinda aliketi kwenye benchi lao, shati limepigwa pasi. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Nilibeba kompyuta, ndoo na chumvi, nikawafanyia jaribio mara mbili, kisanduku kikiwa na alama na kikiwa bila. Watu walisogea kuona. Mwenyekiti alishuka kitini akatia chumvi kwa mkono wake, nikamwona anavyofuata mstari kwa macho.

Mhandisi akainuka. "Mwalimu, mzee huyu yuko ng'ambo. Ameangalia karatasi tu akajua kuna mtu alichezea mtambo. Amejuaje? Ni mganga?"

Watu wakacheka. Nikasema, "Si mganga," nikasoma ukurasa wa pili.

Nilisoma taratibu, kama imla. Nilipofika kwenye miaka kumi na moja hakuna aliyekuwa akicheka. Kisha nikasoma barua ya Kitinda, yote, na pale penye funguo na mafundi sita nikarudia mara mbili. Hakuinua kichwa. Meneja alisimama kabla sijaketi, akasema fundi umeme alitenda kwa utashi wake, kiwanda hakimjui kwa jambo hilo na kuanzia dakika ile si mfanyakazi wao. Alisema hayo bila kumgeukia, na Kitinda ni mtu wa pili kutoka kwake kwenye benchi. Nilikuwa nimengoja kwa miezi siku ambayo mtu angewaona walivyo. Ilipofika sikufurahi. Nilisikia kinyaa tu: kwa meneja yule na meno yake ya maji ya chupa, kwa mdogo wangu na pasi yake, na kwako wewe, niliyekuwa nikiwatajia wanafunzi kila mwaka kwamba nina kaka ambaye mashine haiwezi kumdanganya.

Bwawa limekataliwa. Wapimaji watatoka nje ya mji, hawatakula kwa kiwanda. Afisa afya alikuja jana akaziba kisima cha baba kwa zege. Alinipa fomu niweke sahihi, nikaweka. Majirani watatu nao wamezibiwa vyao.

Mjukuu vidole vimepona. Maji hanywi mpaka niyanuse mbele yake na kusema alama. Nikisema sifuri anakunywa.

Kitinda huleta madumu mawili kutoka bombani kila asubuhi. Anayaweka getini na kuondoka. Hajabisha hodi, nami sijamkaribisha. Sijamwambia aache pia.

Wewe huwezi kuleta dumu, kwa hiyo usinitumie chochote badala yake, wala maneno ya kuomba radhi, mimi sikunywa maji ya kiwanda cha rangi. Maji yale yalikwenda mahali. Vaa viatu, panda basi mpaka kwenye kiwanda hicho, ushuke, uufuate mtaro kwa miguu mpaka nyumba ya kwanza ambayo watu wake walikuwa na kisima. Bisha hodi. Waambie wewe ni nani na ulifanya kazi gani pale. Wakikufukuza, nenda ya pili.

Ukishafanya hivyo niandikie walivyokujibu, neno kwa neno. Kabla ya hapo barua yako sitaifungua.

Mwalimu